Theodore Sedgwick Mahakamani na Theodore Sedgwick Bungeni

Theodore Sedgwick alizaliwa Connecticut mwaka 1746, akasoma Yale bila kumaliza, akajifunza sheria kwa wakili wa mji wa Great Barrington, Massachusetts, na mwaka 1766 akaruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Baadaye alikuwa mbunge, seneta, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani kuanzia 1799 hadi 1801, kisha jaji wa mahakama ya juu kabisa ya Massachusetts hadi alipofariki mwaka 1813. Wanaosimulia maisha yake hupenda kuanza na vyeo hivyo. Kwa maoni yangu, kazi yake iliyo kubwa kuliko zote aliifanya Agosti 1781, katika kesi ya watumwa waliodai uhuru wao, kabla hajapata hata kimoja kati ya hivyo, na hata kazi hiyo si yeye aliyeianzisha.

Aliyeianzisha ni Bett, mwanamke aliyekuwa mtumwa katika nyumba ya Kanali John Ashley mjini Sheffield, Massachusetts. Binti yake Sedgwick, Catharine, ndiye aliyetuachia simulizi ya mkasa uliompata katika nyumba hiyo: bibi wa nyumba alishika beleshi la jikoni lililokuwa limepata moto ili ampige nalo msichana aliyekuwa nduguye Bett, na Bett akamkinga kwa mkono wake. Jeraha lilipopona likaacha kovu, naye hakulifunika. Kila aliyemuuliza limetoka wapi alimwambia akamuulize bibi mwenyewe.

Ni katika nyumba hiyohiyo ya Ashley ambamo wanaume wa Sheffield walikutana mwaka 1773, Sedgwick akiwa kijana miongoni mwao, wakaandika azimio dhidi ya utawala wa Uingereza lililosema kwamba wanadamu katika hali yao ya asili ni sawa, wako huru, wala hawategemeani. Miaka saba baadaye Katiba ya Massachusetts ikatamka katika ibara yake ya kwanza kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Bett hakujua kusoma wala kuandika, lakini maneno hayo yalisemwa na kusomwa mbele za watu, naye alikuwa na masikio na akili. Alikwenda kwa Sedgwick na kutaka sheria hiyo impe uhuru wake. Waandishi wa katiba ile walikuwa watu wenye elimu kubwa, lakini aliyeichukua ibara ya kwanza jinsi ilivyoandikwa na kuifuata hadi mwisho wake ni yeye.

Sedgwick anastahili sifa kwa jinsi alivyoifungua kesi. Akishirikiana na Tapping Reeve, wakili wa Litchfield, aliomba hati ya mahakama ambayo kwa kawaida hutumiwa na mtu anayedai arudishiwe mali inayozuiliwa isivyo halali, akaitumia kwa ajili ya Bett na mtumwa mwingine aliyeitwa Brom. Ashley alikataa kuwaachia, akidai kuwa ni watumishi wake wa maisha. Jibu hilo likaiweka mahakama mahali ambapo mawakili walitaka ifike, kwa sababu sasa ilibidi iamue kama mtu anaweza kuwa mali ya mwenzake chini ya katiba mpya. Jopo la raia walioapishwa likaamua kwamba Brom na Bett si mali ya Ashley, likawapa fidia ya shilingi 30 na gharama za kesi. Ashley alikata rufaa, kisha akaiacha.

Bett akajiita Elizabeth Freeman, akafanya kazi ya kulipwa katika nyumba ya Sedgwick, na baadaye akanunua nyumba yake mwenyewe mjini Stockbridge. Waasi wa Shays, wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni na kodi, walipovamia nyumba ya Sedgwick mwaka 1787, wakati bwana mwenye nyumba hayupo, yeye ndiye aliyewakabili na kuficha vyombo vya fedha ndani ya sanduku lake. Alifariki mwaka 1829, akazikwa katika eneo la makaburi ya ukoo wa Sedgwick.

Wenye kumpenda Sedgwick hufurahi kuishia hapo. Lakini wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na katika Bunge la Marekani mtu huyuhuyu aliushika kwa upande wa pili. Mwaka 1791 aliwekwa katika kamati ya wajumbe watatu iliyotakiwa kutunga muswada wa kuwarejesha watumwa waliotoroka, akauwasilisha bungeni. Muswada huo haukupita. Uliopita mwaka 1793 ulitoka Seneti. Hata hivyo, aliweka mkono wake katika kazi ya kuipa nguvu ya dola hoja ileile ya Ashley. Sheria ya 1793 ilimruhusu bwana kumkamata mtu, kumfikisha mbele ya hakimu na kuondoka naye kwa ushahidi wa mdomo au wa kiapo, bila jopo la raia kusikiliza upande wa aliyekamatwa. Jopo kama hilo ndilo lililomweka huru Bett.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba Muungano wa Marekani ulikuwa mchanga na majimbo ya kusini, yaliyotegemea watumwa, yasingekubali vinginevyo. Nauelewa ugumu huo, lakini siukubali utetezi wenyewe. Sedgwick hakuhitaji kusubiri karne nyingine imfundishe kwamba binadamu hamilikiwi. Alikwisha kuithibitisha hoja hiyo mwenyewe, mahakamani, akashinda, na aliyemletea hoja hiyo alikuwa akiishi chini ya paa lake siku alipokaa kwenye kamati ile.