Ploti nane kwa ekari: afisa wa mipango anapokataa

Barabara ya Namanga, kuanzia Kitengela hadi Isinya, imejaa mabango ya ploti za futi hamsini kwa mia: hati tayari, maji yapo, stima karibu. Kabla ardhi hiyo kukatwa, mwenyewe hutakiwa kupata kibali cha Kaunti ya Kajiado chini ya sheria ya mipango ya 2019, na kama ni shamba, ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi pia. Afisa wa mipango akirudisha ramani na kudai barabara ipanuliwe au ploti zipunguzwe, watu husema papo hapo kwamba anataka kitu kidogo.

Pengine kweli anakitaka. Lakini ramani aliyoirudisha ingefaa kutazamwa kwanza.

Wauzaji wana hoja, tena nzito. Ranchi za pamoja zilipogawanywa kuanzia miaka ya 1980, familia nyingi za Wamaasai zilibaki na hati mkononi na ukame mlangoni. Ng'ombe wakiisha, kinachobaki cha kulipa karo ni ardhi, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu. Mnunuzi naye ni mwalimu au dereva wa matatu anayeweka akiba chamani. Robo ekari hana uwezo wa kuinunua. Bunge halijamsaidia yeyote: Kifungu cha 68 kiliagiza sheria ya kuweka kima cha chini na cha juu cha ardhi binafsi, mswada ukaandikwa 2015, ukafia njiani.

Sasa tuchukue kalamu. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya hamsini kwa mia ni 5,000, na dalali huuza nane kwa ekari, yaani 40,000. Zinabaki 3,560, kama asilimia 8. Ploti zikitazamana huku na huku, mabaki hayo yanatoa barabara ya futi 18 hivi, na hapo hujaacha hata njia moja ya kukatiza, sembuse uwanja wa shule. Ndani ya futi hizo 18 utie mtaro, nguzo za stima na magari mawili yapishane. Ukitaka barabara ya futi 30 tu, ploti ya nane imekufa. Ugomvi wote wa "afisa anatuonea" mara nyingi ni ugomvi wa ploti hiyo moja katika kila ekari, na kwenye ekari 20 ni ploti 20 zilizokwisha pigiwa hesabu ya faida.

Kisha kuna choo. Mwongozo unaotumika sana unataka shimo la choo liwe mita 30 kutoka kisima. Ploti yenyewe ina urefu wa mita 30 na upana wa mita 15. Inawezekana, ila kwa sharti kwamba kila mwenye ploti achimbe kisima mbele kabisa na choo nyuma kabisa, bila jirani hata mmoja kugeuza mambo. Ni nani atakayewasimamia? Na udongo wa huko kwa sehemu kubwa ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishaloa haunywi maji tena. Mvua za masika zikikolea, shimo hujaa, na lori la kunyonya maji taka halina budi kupita kwenye ile ile barabara ya futi 18, sasa tope tupu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 Kitengela. Ile ya 2019 ikapata zaidi ya 150,000. Wote hao wana vyoo.

Leo, ramani ikiwa bado mezani, kupanua barabara ni kusogeza mstari. Ekari 20 zikishatolewa hati 160, ni kuwalipa fidia watu waliokwisha jenga ukuta wa mawe hadi mpakani, na kaunti haina fedha hizo.

Ninapokubaliana na wauzaji ni kwenye kipimo chenyewe. Hamsini kwa mia si dhambi. Palipo na mfereji wa maji taka na maji ya mfereji, watu huishi vizuri kwenye ploti ndogo zaidi, na kaunti inayodai ploti kubwa bila kusema mfereji utafika lini inamtwisha mnunuzi maskini mzigo wake yenyewe. Masharti yangefuata huduma zilizopo, si namba moja kwa Kajiado nzima. Tena maombi hupimwa moja moja: majirani kumi wakikata ekari tano tano, kila ramani ikiangaliwa peke yake itaonekana ndogo mno kutoa ardhi ya shule, na shule haitapatikana popote.

Na afisa anayekataa aandike sababu, kwa hesabu kama hizi, ili muuzaji azijibu au akate rufaa kwenye kamati ya kaunti. Kunyamaza ndiko kunakozaa fununu za hongo, na kuna hasara nyingine pia. Sheria hiyo ya 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa huhesabika kuwa imetolewa. Faili likilala kabatini miezi miwili, futi 18 zimepita.