Vikoa Vitano, Seva Kumi, Akili Moja

Ugomvi wangu na kompyuta haukuanza leo, lakini huu wa seva za majina, zile kompyuta zinazoiambia dunia tovuti fulani iko wapi, umenivua nguo hadharani.

Nilikuwa na kikoa kimoja, yaani jina la tovuti, kimetulia kama maji mtungini. Nikaongeza vinne. Msiniulize vya nini. Tovuti yenyewe ni moja, na mgeni wake wa kudumu ni mimi.

Msajili, yule anayeniandikishia majina hayo, akaniwekea visanduku viwili vya kujaza: seva ya majina ya kwanza, seva ya majina ya pili. Hesabu ikanijia upesi: vikoa vitano mara mbili, seva kumi. Nikakesha. Kila kikoa nikakitungia seva zake mbili, ns1 yake na ns2 yake, kama mzee anayegawa mirathi mapema ili watoto wasigombane. Asubuhi nikamwonyesha rafiki yangu fundi. Akatazama skrini, akanitazama mimi, akarudi kwenye skrini.

“Kaka, zote kumi zinaelekea anwani moja ya IP, yaani namba ya mashine moja.”

“Ndiyo. Mashine si ninayo moja?”

“Sasa kumi za nini? Jozi moja inahudumia vikoa vyote, hata viwe mia tano. Kila kikoa kiwe tu na faili lake la zoni, yaani orodha ya rekodi zake, humo ndani. Na zinatakiwa mbili ili moja ikizimika nyingine ijibu. Zako zitazimika kwa mshikamano.”

Usiku mzima, jamani!

Nikafuta nane, nikabaki na mbili, na bado hakuna kilichofunguka. Eti ili dunia ijue ns1.example.com iko wapi (jina langu la kweli nalisitiri, hilo limetengwa kwa mifano), lazima kwanza iulize seva ya example.com. Na seva ya example.com ni nani? Ni hiyohiyo ns1! Ufunguo umefungiwa ndani, na mwenye nyumba yuko nje anapiga hodi. Dawa yake ni kuandikisha anwani ya IP ya seva kwa msajili, na rekodi hiyo inaitwa gundi. Fundi aliponiambia “umesahau gundi” nilidhani ananitukana.

Gundi ikakaa. Ikaja nukta. Kwenye faili la zoni, jina kamili linamalizwa kwa nukta. Usipoiweka, seva inadhani umeandika nusu, basi kwa ukarimu wake inakumalizia: ns1.example.com.example.com. Nimeandika insha shuleni miaka yote sikosi nukta ya mwisho, leo naikosa penye kazi!

Kisha nikaambiwa nisubiri. Kumbukumbu ya seva za zamani za kikoa cha .com inaweza kukaa kwenye mitambo ya mtandao kwa sekunde 172,800. Nilizigawa mwenyewe kwa 3,600, zikatoka saa 48. Kwa nini wasiseme siku mbili kama watu wazima? Kwenye simu ya mke wangu tovuti mpya ilishafunguka, kwenye kompyuta yangu bado ya zamani, na mke wangu alikuwa anapita nyuma ya kiti changu mara nyingi kuliko kawaida.

Kumbe muda wote huo barua pepe nazo zimekatika. Nilipohamisha seva sikunakili rekodi za MX, zile zinazosema barua zipelekwe wapi. Nami nikawa najitumia ujumbe wa majaribio, mmoja baada ya mwingine, nikilaani kimya kile.

Siku ya tatu nikaziweka. Seva za barua hazikati tamaa upesi; zikigonga mwamba hurudi tena na tena, hata kwa siku kadhaa. Jioni simu ikaanza kulia mfululizo. Ujumbe kumi na moja! Nikaita mke wangu aje aone mtu alivyo na watu.

Zote zilitoka kwangu. “Je, unanipata?” “Hebu jibu.” “Wewe!”

Nikajijibu kwa heshima: nakupata.