Yale makopo tunayomficha daktari

Wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la kliniki na dada mmoja ambaye tunaugua ugonjwa mmoja, kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe na vidonda vya kudumu kwenye utumbo mpana. Tulijuana kwenye benchi hilohilo miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo tunaulizana hali kwa maneno ambayo watu wazima hawatamkiani hadharani: umeenda mara ngapi, kuna damu, umelala usiku? Safari hii sikuwa na haja ya kuuliza. Alikuwa amekonda hadi pete inamvuka kidoleni, na miezi minne tu iliyopita nilimwacha mzima kabisa.

Akafungua mkoba akanionyesha makopo matatu. La kwanza lilikuwa la unga wa bizari ya manjano uliochanganywa na pilipili manga, la pili majani ya kusafisha utumbo, la tatu vidonge vya bakteria wazuri. Aliyemuuzia alimwambia aache dawa za hospitali kwa siku 30 ili utumbo upumue. Siku ya 21 damu ikarudi.

"Daktari umemwambia?"

"Mara ya mwisho nilipotaja mitishamba alinifokea mbele ya wanafunzi wake. Sirudii tena."

Maneno hayo nimetembea nayo wiki nzima. Nina hasira na aliyemwachisha dawa, na nina hasira na aliyemfokea. Kila nikijaribu kuamua ni nani nimkasirikie zaidi, narudi kwenye neno moja ambalo wote wawili wanalitumia: mbadala.

Mbadala ni kitu kinachokaa mahali pa kingine. Hiki kikiingia, kile kinatoka. Sisi wenye magonjwa ya kudumu tumelimeza neno hilo bila kulitafuna. Ndiyo maana mtu akianza mitishamba anajiona lazima aache vidonge, na akirudi kwenye vidonge anajiona ameisaliti asili. Nani alituambia lazima kimoja kitoke?

Tuchukue hayo manjano. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 50 wenye ugonjwa wetu huuhuu, ambao mesalazini, kidonge cha kawaida cha kutuliza uvimbe wa utumbo, peke yake ilikuwa imeshindwa kuwatuliza. Wagonjwa 26 walipewa kurkumini, kile kiini cha manjano, gramu 3 kwa siku, na 24 wakapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwezi mmoja, 14 kati ya wale 26 walikuwa wametulia. Katika kundi la pili hakutulia hata mmoja. Najua ni watu 50 tu, na ni mwezi mmoja tu. Lakini mimi niliposoma matokeo yale mara ya kwanza nililia, kwa sababu nilikuwa katika mwezi wa tatu wa stiroidi, dawa kali za kuzima uvimbe, uso umevimba, usingizi umekwisha, na hapo nikaona kitu cha shambani kimewekwa kwenye mizani ileile ya dawa kikaonekana kina uzito.

Sasa lile ambalo wauzaji hawalitaji: wagonjwa wote 50 waliendelea na mesalazini. Wote. Manjano yalisaidia yakiwa pamoja na kidonge. Hakuna aliyeambiwa aache chochote ili utumbo upumue. Na tukija kwenye kuacha, utafiti wa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa 99 ambao ugonjwa wao ulikuwa umetulia. Waliokuwa hawamezi mesalazini yao inavyotakiwa walikuwa katika hatari ya kurudiwa na ugonjwa zaidi ya mara tano kuliko waliomeza. Dada yangu yule hakuwa na bahati mbaya. Alifanya jambo ambalo matokeo yake yanajulikana kwa miaka zaidi ya 20, na hakuna aliyemwambia.

Kuna na hesabu ya kopo lenyewe. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu ya uzito wake. Ili kuzifikia gramu 3 za kwenye lile jaribio, angelazimika kula karibu gramu 100 za unga kila siku, na yeye alikuwa akikoroga kijiko kimoja cha chai. Wanaotaka kuliziba pengo hilo huongeza pilipili manga, kwa sababu piperini, kiini chake kikali, huufanya mwili ufyonze kurkumini kwa wingi zaidi. Ni kweli huongeza. Ila virutubisho vya manjano, hasa vile vilivyotengenezwa vifyonzwe sana, vimehusishwa na ini kuumia huko Italia na Marekani, na baadhi ya watu walilazwa hospitalini. Mmea wenye nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru pia, na anayeuheshimu kweli hawezi kuuita hauna madhara.

Metformini, ambayo mamilioni ya wenye kisukari wanaimeza kila siku, imetokana na uchunguzi wa mmea uitwao Galega officinalis. Kwa hiyo hata ukuta tunaoujenga kati ya dawa na majani haupo pale tunapodhani.

Nije kwa daktari. Namwelewa, japo kwa shingo upande. Ana foleni ndefu mlangoni, na pengine ameshawahi kumpokea mgonjwa aliyeletwa ini likiwa limekufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakitumia mchanganyiko wa mitishamba ya kupunguza uzito walianza kupoteza figo zao. Ndani yake kulikuwa na mmea wa jamii ya Aristolochia. Walioathirika walifika zaidi ya 100, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Daktari anayekumbuka hayo ana haki ya kuogopa.

Lakini kufoka hakujaliondoa kopo hata moja mkobani. Kumelisukuma chini zaidi, pasipoonekana. Na kopo lisiloonekana ndilo la hatari. Mmea wa Hypericum, unaotumiwa sana kwa huzuni, huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine, hivyo hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ya baadhi ya dawa za VVU, na ya dawa wanazomeza waliopandikizwa figo. Daktari asiyejua kwamba mgonjwa anaunywa ataona dawa haifanyi kazi, ataongeza dozi, au atabadilisha dawa ambayo haikuwa na kosa lolote. Mgonjwa naye atarudi nyumbani akiamini kwamba za hospitali hazimfai. Wote wawili watakuwa wamedanganyika kwa sababu swali moja halikuulizwa kwa upole.

Mimi niliulizwa. Ni daktari wangu wa tatu, na siku ya kwanza aliweka kalamu chini akasema, "Na nyumbani unatumia nini kingine? Niambie vyote, hata vile unavyodhani sitavipenda." Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikamwaga yote: maganda ya mbegu za psyllium (nyuzinyuzi za kusaidia choo), kutembea kila jioni, mazoezi ya kupumua usiku, na chai ya majani niliyoletewa na jamaa ambayo hata jina lake sikulijua. Aliandika kimoja baada ya kingine. Psyllium aliikubali nikiwa nimetulia, lakini ugonjwa ukiamka nimuulize kwanza. Kutembea na kupumua alivipigia mstari. Chai aliniomba niisimamishe hadi nijue ina nini, akaagiza vipimo vya ini. Hakupandisha sauti. Tangu siku hiyo sijamficha kitu.

Hayo mengine nitayapita haraka, maana yananichosha. Utumbo hauhitaji kusafishwa: utando wake wa ndani hujibadilisha wenyewe kila baada ya siku chache, na mengi ya majani hayo ya kusafisha huwa na sanamaki (senna), ambayo ni dawa ya kuharisha. Kumpa mtu ambaye utumbo wake unavuja damu dawa ya kuharisha ni ukatili, hata kama aliyempa alikuwa na nia njema. Vile vipimo vya damu vya IgG, aina ya kingamwili, vinavyomwambia mtu aache vyakula 40 vinaonyesha zaidi kwamba amewahi kuvila vyakula hivyo. Na bakteria wa kwenye vidonge, chama cha Marekani cha wataalamu wa mfumo wa kumeng'enya chakula, AGA, kilishauri mwaka 2020 kwamba kwa ugonjwa wetu watumike ndani ya majaribio ya kitabibu tu. Mimi mwenyewe nilivimeza miaka miwili, na sikuona tofauti siku nilipoacha.

Jana usiku dada alinipigia. Nilikuwa nimemwomba arudi, safari hii kwa daktari mwingine, na ayabebe makopo yote mkononi, yasikae mkobani. Amesema yalipangwa mezani, vibandiko vikasomwa kimoja kimoja, na majani yakabaki palepale mezani yeye alipoondoka. Mesalazini ameianza tena. Majibu ya ini bado hayajatoka. Ameambiwa Alhamisi, nami nimemwahidi nitakwenda naye.