Marejeo Yaleyale, Mavazi Mapya
Silalamikii makala yangu ya utafiti kukataliwa na jarida, kwani hiyo ni haki ya mhariri. Nalalamikia saa ninazopoteza kuyavisha marejeo yaleyale, yaani orodha ya kazi nilizozinukuu, mavazi mapya kila ninapobadilisha jarida. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978 ili wakubaliane juu ya muundo wa miswada, na bado jarida moja linataka namba ya rejeo iwe ndani ya mabano, jingine linaitaka ielee juu ya mstari, na la tatu halitaki namba kabisa bali jina la mwandishi na mwaka. Ikisiri, yaani muhtasari wa makala, niliyoibana hadi maneno 250 sasa inatakiwa iwe 200, na sentensi ya kwanza kufutwa ikawa ile iliyoeleza jinsi wagonjwa walivyochaguliwa. (Programu ya marejeo husaidia, ila nayo huvuruga herufi kubwa na ndogo.) Kisha mfumo wa kupokea miswada huniamuru nichape upya, kisanduku kwa kisanduku, majina na barua pepe za waandishi wenza ambazo tayari zimo katika ukurasa wa kwanza wa faili niliyoipakia dakika mbili zilizopita. Ikiwa mhariri hajaamua hata kuusoma mswada, nuktapacha za marejeo yangu zinamhusu nini?