Chumvi Kwenye Tangi la Samaki Ni Dawa, Isiwe Makazi

Kuna ushauri umeenea sana miongoni mwa wanaofuga samaki wa mapambo, kuanzia Nakuru hadi Kisumu: tia kijiko cha chumvi kila wiki, samaki hawataugua. Sisi tunaupinga. Samaki wengi wa maji baridi (maji yasiyo ya chumvi) huvumilia chumvi kidogo kwa siku kadhaa, na kuna wakati hiyo chumvi ndiyo inayowaokoa. Kuwaweka humo mwaka mzima ni habari nyingine.

Damu ya samaki wa maji baridi ina chumvichumvi za kiasi cha gramu 9 hivi kwa lita. Maji ya Ziwa Victoria hayafikishi hata gramu 0.1, na ya bahari yana 35 hivi. Kwa hiyo gapi, samaki mdogo wa mapambo, akiwa kwenye maji ya kawaida huingiwa na maji saa zote kupitia matamvua anayopumulia. Huyatoa kwa mkojo mwingi na mwepesi, huku matamvua yakihangaika kuvuta chumvichumvi chache zilizomo majini. Kazi hiyo inakula nguvu. Ukitia gramu 1 au 2 kwa lita, mzigo unapungua, ndiyo maana samaki aliyetoka safarini au aliyechubuka magamba hupata ahueni. Ukivuka gramu 9 mambo yanageuka: sasa maji yanamtoka yeye, na figo zake hazikuumbwa kuyazuia. Ukimtumbukiza kwenye maji ya bahari, anakauka akiwa majini.

Lakini kabla ya kiasi, ni chumvi gani? Wakazi wa Nakuru hupenda kuuliza: mbona kuna samaki kwenye ziwa letu? Wapo, ila samaki waliolizoea ziwa hilo ni tilapia wadogo walioletwa kutoka Ziwa Magadi katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu. Tilapia hao hutoa uchafu wa mwili wao kama urea, si amonia kama samaki wengine, na bila hilo wasingemudu maji yale. Isitoshe, Ziwa Nakuru ni la magadi, na pH yake, kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, kwa kawaida imekuwa karibu na 10.

Magadi ya kulainishia maharagwe, basi, yasiguse tangi hata kidogo, maana yanapandisha pH. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, amonia iliyo katika hali ya sumu haifiki asilimia 1 ya yote iliyomo majini. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Uchafu ule ule uliokuwa hauna madhara jana unaua leo. Chumvi ya kulambwa na ng'ombe nayo iache zizini, kwani mara nyingi imetiwa shaba. Chumvi ya kawaida ya jikoni inatosha. Iodini iliyomo ni kidogo mno kudhuru kwa vipimo hivi, na ubishi unaoizunguka umekuwa mrefu kuliko inavyostahili.

Uvumilivu haulingani. Moli wako mbele kabisa, wakifuatiwa na gapi na plati. Goldifishi hustahimili gramu 3 kwa lita bila shida kubwa. Tetra, na pia koridora na samaki wengine wasio na magamba ya kawaida, wanahitaji uangalifu: gramu 1, na uwachunguze. Konokono na mimea mingi huteseka mapema kuliko samaki.

Matumizi tunayoyaunga mkono ni kama ya kutibu madoa meupe, yale yanayofanana na punje za chumvi mwilini. Kimelea kilichojificha chini ya ngozi hakiguswi na chumvi. Kinachouawa ni kile kinachoogelea kutafuta mwili wa kuingia. Kwa hiyo dawa lazima isubiri kimelea kitoke. Tangi linaloitwa la lita 60, likiwa na kokoto na mawe, hubeba maji lita 50 hivi. Gramu 2 kwa lita ni gramu 100, na zipimwe kwa mizani, maana kijiko kikubwa kilichosawazishwa kina gramu 18 hivi na kilichojaa kilima hakuna ajuaye. Yeyusha kwenye jagi la maji ya tangi, kisha umimine kwa mafungu matatu, kila baada ya saa 12, karibu na maji yanapotokea kwenye kichujio. Pandisha joto polepole hadi nyuzi 28 na uwashe pampu ya hewa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, oksijeni majini tayari ni pungufu, na joto linaipunguza zaidi. Endelea siku 10 hadi 14 hata kama madoa yametoweka siku ya nne. Asiye na hita azidishe siku, kwa sababu usiku wa Nakuru hupoza maji na kimelea kikachelewa kutoka.

Chumvi haiendi na mvuke. Maji yakipungua kwa kukauka, jazia maji matupu. Ukimwaga lita 10, rudisha gramu 20 tu. Hapa ndipo kijiko cha kila wiki kinapoharibu. Mtu anayejazia bila kumwaga, kwenye lita 50 zile zile, kwa miezi sita (wiki 26 za kijiko cha gramu 18) ametia gramu 468, yaani zaidi ya 9 kwa lita. Samaki wanakufa mmoja mmoja na lawama inaangukia chakula. Tiba ikiisha, badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili; baada ya mara nne inabaki chini ya theluthi ya chumvi.

Kisumu wengi hutia chumvi kwa sababu moli wanatetemeka papo hapo bila kusonga. Mara nyingi wanachokosa ni ugumu wa maji, yaani kalsiamu na madini ya aina hiyo. Maji yatokayo ziwani ni laini, na chumvi ya jikoni haiongezi kalsiamu wala haishikilii pH. Weka vipande vya mawe ya chokaa, yale ya Koru yanafaa, gramu 200 hivi ndani ya soksi safi karibu na kichujio, kisha upime pH kila wiki. Ni jiwe lenyewe tunalosema, si chokaa iliyochomwa. Hiyo itaua tangi zima kwa saa chache. Anayetumia maji ya kisima huko Nakuru huenda asihitaji hata hilo. Visima vingi vya huko vina sodiamu na baikaboneti tele, kwa hiyo pima kwanza kabla ya kuongeza chochote.

Na anayetaka kweli kufuga kwenye maji ya chumvi achague moli, anunue chumvi maalumu ya akwariamu za bahari, maana ya jikoni haina magnesiamu wala kalsiamu ya kutosha, na apandishe gramu 1 kwa lita kila baada ya siku tatu au nne. Ajizuie kuharakisha hata kama moli wanaonekana wazima, kwa sababu bakteria wa kichujio, wanaoondoa amonia, hudhoofika kabla ya samaki. Apime amonia kila anapopandisha, na ikionekana, asimame hapo hapo wiki nzima.