Jioni ya Mfanyakazi ni ya Nani?

Waajiri wengi siku hizi huwahimiza wafanyakazi wao wawe na maisha mengine mbali na kazi: waimbe kwaya, wafundishe watoto mpira, wajifunze lugha, wajitolee. Hoja yao ina mashiko. Anayelala na kuamka na tatizo lilelile hatimaye huliona kwa jicho moja tu. Wanasaikolojia wa kazi, akiwamo Sabine Sonnentag wa Ujerumani, wameonyesha kwamba anayeweza kuitua kazi kichwani akishatoka kazini huchoka kidogo kuliko anayerudi nayo nyumbani. Asiyetua hulipa, tena pakubwa: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kuwa watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na maradhi ya moyo yaliyotokana na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki.

Hapa wengi hupiga makofi. Mimi husita, na anayenisitisha ni Henry Ford, Mmarekani aliyeanzisha kampuni ya magari ya Ford.

Mwaka 1914 Ford alitangaza dola 5 kwa siku, karibu maradufu ya malipo ya awali, akapunguza na zamu kutoka saa 9 hadi 8. Ila sehemu ya fedha hizo ilikuwa mgao wa faida, na ili kuupata ilibidi mfanyakazi aonekane anaishi vizuri. Kampuni iliunda idara ya kulihakikisha hilo. Wakaguzi wakawa wanabisha hodi majumbani, wakiuliza habari za ulevi, akiba, usafi, hata ndoa. Sina shaka kuwa zipo kaya zilizonufaika. Hata hivyo, mtu alitoka kiwandani akamkuta bosi sebuleni.

Leo hakuna mkaguzi mlangoni. Kuna swali kwenye tathmini ya mwaka: unafanya nini nje ya kazi? Kuna meneja anayemsifu kikaoni aliyekimbia marathoni. Sasa yule anayewahi nyumbani kumuuguza mzazi ajibu nini? Na anayetaka kulala tu? Kwa mwenye kibarua cha pili kwa sababu mshahara haumfikishi mwisho wa mwezi, nasaha za kutafuta burudani ni kejeli, hata kama aliyezitoa hakukusudia hivyo. (Akiongezwa mshahara, burudani ataitafuta mwenyewe.)

Je, basi mwajiri anyamaze? Hapo nawapa haki wanaotetea uhimizaji, maana ukimya nao husema. Pasipo neno la bosi, wafanyakazi humtazama yeye: akikaa ofisini hadi usiku, nao watakaa, hata kama kazi imekwisha, na anayeondoka kwa wakati ataitwa mvivu. Bosi anayefunga kompyuta yake na kuaga saa ya kutoka inapofika huwa amesema zaidi ya waraka wowote.

Sheria ya Ufaransa iliyoanza kutumika Januari 1, 2017 inanivutia kwa sababu hiyohiyo. Inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutojibu simu na barua pepe za kazi nje ya saa za kazi. Kuhusu jioni hiyo itumiweje, haisemi neno. Ford mwenyewe aliikaribia njia hii mwaka 1926, alipowapa watu wa kiwandani Jumamosi nzima na wiki ya saa 40. Hakufanya hivyo kwa wema mtupu, kwani aliamini kuwa mwenye nafasi hununua zaidi, magari yakiwamo. Lakini Jumamosi ilibaki kuwa ya mfanyakazi.

Mimi humpima mwajiri kwa ruhusa. Mmoja anaomba kutoka mapema awahi mazoezi ya kwaya. Mwingine anaomba vilevile, ila hasemi anakwenda wapi. Wa kwanza atapewa ruhusa pamoja na tabasamu. Nangoja kuona wa pili atajibiwa nini.