Kanada na hesabu ya mtoto mmoja mgonjwa

Dada mmoja ninayemfahamu, muuguzi mwenye miaka 12 kazini hapa Dar es Salaam, alinipigia simu jioni moja nikamsaidie kusoma barua. Kiingereza anakijua kunishinda. Alichotaka ni mtu wa kukaa naye mezani. Barua ilitoka uhamiaji wa Kanada. Alikuwa ameomba ukaazi wa kudumu kwa njia ya utaalamu, yeye, mumewe na watoto wawili, na hadi hapo mambo yalikuwa yamekwenda vizuri: mtihani wa lugha, vyeti, uthibitisho wa kazi. Sasa waliandika kwamba mtoto wake wa pili, mwenye miaka 9, ana selimundu, na kwamba matibabu yake yanatazamiwa kuzipa huduma za umma mzigo wa kupita kiasi. Alipewa muda wa kujieleza. Maelezo yasipotosha, hatakataliwa mtoto peke yake. Watakataliwa wote wanne.

"Kaka, mimi wananitaka," aliniambia. "Mwanangu ndiye hawamtaki."

Kifungu cha 38 cha sheria ya uhamiaji ya Kanada ndicho kinachofanya kazi hapa, na kipimo chake ni fedha. Wanachukua wastani wa gharama za afya na huduma za jamii kwa Mkanada mmoja kwa mwaka, wanauzidisha mara 3. Kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa dola 27,162 za Kanada. Kwa kawaida hesabu hupigwa kwa miaka 5, yaani dola 135,810, na ugonjwa ukionekana kuwa na gharama za mbele zaidi wanaweza kufika miaka 10. Kuna na mlango wa pili: hata gharama zisipozidi, mtu anaweza kuzuiwa ikiwa ugonjwa wake utarefusha foleni ya matibabu kiasi cha kuhatarisha maisha ya wenyeji. Wakimbizi hawahusiki na hesabu hii, wala mke, mume au mtoto anayedhaminiwa na mtu wake aliyeko kule. Wanaobanwa ni wanaokwenda kwa kazi, kwa masomo, kwa utaalamu wao, na wazazi wanaoitwa na watoto wao.

Wanaoitetea sheria hii wana hoja nzito. Kule matibabu ya hospitali yanalipwa na kodi ya wote. Mgonjwa hatoi pesa dirishani. Mfumo wa namna hiyo unasimama kwa imani ya wanaouchangia, na imani hiyo sasa hivi imechoka. Karibu watu wazima milioni 6 nchini Kanada hawana daktari wa familia wa kudumu. Mzee aliyekatwa kodi miaka 40, ambaye leo anasubiri miezi kupasuliwa nyonga, ana haki ya kuuliza kwa nini foleni iongezwe mtu ambaye serikali ilijua tangu mwanzo kuwa atahitaji hospitali mara kwa mara. Swali hilo si la ubaguzi. Hata sisi tungeuliza.

Na kwa haki, Kanada si katili kama wengine. Katika nchi za Ghuba, ambako vijana wetu wengi huenda kutafuta kazi, kipimo cha UKIMWI kikionyesha maambukizi safari imekwisha, na aliyekwisha kufika hurudishwa. Homa ya ini nayo imewafungia wengi mlango. Hakuna barua ya kukuuliza una nini cha kusema. Kanada inauliza. Mwaka 2005 Mahakama yake ya Juu kabisa, katika kesi ya Hilewitz, iliamua kwamba ofisa hawezi kusoma jina la ugonjwa au ulemavu akafunga faili. Lazima amtazame mtu mwenyewe na hali yake halisi. Bila hukumu ile, barua ya huyu dada isingekuwa na nafasi ya majibu.

Lakini kuna namba moja ambayo tangu niifahamu haijaniacha. Aprili 2018 serikali ya Kanada ilitangaza kulegeza sheria hii. Kiwango cha zamani kilikuwa dola 6,655 kwa mwaka. Walikizidisha mara 3 kikafika 19,965, na wakaacha kuhesabu mahitaji kama elimu maalumu ya mtoto mwenye ulemavu. Aliyetangaza ni waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Ahmed Hussen, mzaliwa wa Mogadishu aliyefika Kanada akiwa kijana. Serikali hiyohiyo ilieleza kwamba chini ya kiwango cha zamani, kile kikali, waliokuwa wakionekana hawafai ni watu wapatao 1,000 kwa mwaka, na fedha zilizookolewa ni asilimia 0.1 ya matumizi ya umma ya afya.

Tuiweke namba hiyo mezani. Katika kila dola 1,000 za afya, dola 1. Kwa ajili ya dola hiyo moja kuna madaktari wa kukagua mafaili, maofisa wa kuandika barua, mawakili wa kujibu, na majaji wa kuamua. Kwa ajili yake profesa kutoka Costa Rica, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha York mjini Toronto na kulipa kodi, alinyimwa ukaazi mwaka 2016 kwa sababu mwanawe alizaliwa na hali ya Down, ulemavu wa kuzaliwa unaochelewesha ukuaji wa akili. Familia ilikuwa imekwisha kurudi kwao serikali ilipobadili uamuzi kwa misingi ya huruma, baada ya kelele nyingi. Na hiyo ni dola ya kiwango cha zamani. Sasa kiwango kimepanda, kinachookolewa hakina budi kuwa kidogo zaidi.

Jibu la upande wa pili nalijua: akiba ni ndogo kwa sababu uzio upo. Uondoe, waje wengi. Lingenitisha kama njia hii ya wataalamu ingekuwa wazi kwa kila mtu. Haiko hivyo. Unapewa alama kwa umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi; ukipita miaka 29 umri unaanza kukupunguzia alama, na kwa kawaida lazima uonyeshe akiba benki. Aliyefika hatua ya kupimwa afya amekwisha kuchujwa mara nyingi. Ugonjwa mzito wenyewe humchuja mtu mapema: aliyelala wodini hasomei mtihani wa lugha.

Nirudi kwenye meza ile. Palikuwa na daftari la kliniki la mtoto, lenye jalada gumu, pembe zimelegea kwa kushikwa. Mama yake aliyapitia yale maandishi ya daktari ukurasa kwa ukurasa, akaweka vipande vya karatasi kila palipoandikwa kalazwa. Vilikuwa vitano. Vinne vilikuwa vya kabla mtoto hajaanza haidroksiyurea, vidonge ambavyo kwa wagonjwa wengi hupunguza maumivu makali ya selimundu karibu kwa nusu. Kulazwa kwa tano kulikuwa baada ya dawa kukosekana dukani wiki tatu.

Hapo ndipo nilipoona kasoro ambayo hata wakosoaji wa sheria hawaitaji sana. Ofisa aliyeko Kanada anasoma daftari hilo kama utabiri: mtoto aliyelazwa mara tano atalazwa tena na tena, na kitanda cha hospitali ya kule ni ghali. Lakini daftari linaeleza upungufu wa dawa huku kwetu, si mwili wa mtoto peke yake. Ugonjwa umepimwa mahali dawa hukatika, bei ikapigwa ya mahali dawa haikatiki. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye selimundu, na Kongo iko juu yetu. Wataalamu wetu wengi wanaotafutwa na nchi tajiri wana mtoto, au ndugu wa damu, mwenye daftari kama hilo.

Tena huyu ni muuguzi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023, liliiweka Tanzania katika orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, nchi ambazo wengine wanaombwa wasizichotee watumishi ovyo. Kanada ikimchukua, sisi tunapoteza mtu tuliyemsomesha. Akishafika, atawahudumia wazee walewale walio kwenye foleni. Katika hesabu ya kifungu cha 38 kazi yake ya zamu za usiku haina safu. Safu iliyopo ni ya gharama za mwanawe. Ukihesabu kinachotoka usihesabu kinachoingia, utapata mzigo kwa mtu yeyote, hata mzima.

Sheria ina madhara mengine ambayo hayaonekani kwenye takwimu. Watu wanaficha. Nimewasikia wanaoshauriana waache dawa za kufubaza virusi wiki chache kabla ya vipimo, ili "damu isafike". Hili naliandika bila kuzunguka: kipimo cha UKIMWI hakitafuti dawa mwilini mwako. Ukiacha dawa utapata majibu yaleyale, na virusi vitakuwa vimepanda. Tena kusema uongo kwenye fomu ni kosa linaloweza kukufungia Kanada miaka 5, wakati dawa za aina nafuu zimefanya wengi wenye VVU wasifike kabisa kwenye kiwango cha gharama. Mtu anajiumiza kuficha kitu ambacho pengine kisingemzuia.

Desemba 2017 kamati ya uhamiaji ya bunge la Kanada ilipendekeza kifungu cha mzigo wa kupita kiasi kifutwe. Serikali ikakubali nusu njia. Mimi naona kamati ilikuwa sahihi, na kama kufuta kumeshindikana, basi angalau mtoto asihesabiwe dhidi ya wazazi wake, na rekodi za nchi yenye uhaba wa dawa zisisomwe kama unajimu.

Majibu tuliyaandika siku nne. Daktari wa mtoto alitoa barua inayoeleza tofauti ya kabla na baada ya dawa, na tarehe ambazo dawa ilikosekana. Tuliambatanisha bei ya haidroksiyurea ya Kanada. Bima ya mwajiri tuliitaja kwa dawa za nje ya hospitali tu, kwa kuwa kwa gharama za kulazwa ahadi ya kujilipia mwenyewe haisaidii: kule hospitali ya umma haiwezi kukunyima huduma kwa sababu uliahidi kulipa. Nilimuuliza pia kuhusu baridi, maana baridi huamsha maumivu ya selimundu na majira ya kule si ya mchezo. Alikuwa amekwisha kuwaza. Ameandika majina ya miji yenye kliniki za ugonjwa huo nyuma ya daftari, na chini yake hesabu ya vidonge vya miezi 3, kwa sababu katika jimbo kama British Columbia mgeni husubiri hadi miezi mitatu kabla bima ya umma haijaanza.

Mtoto alipita sebuleni akauliza kama ile barua ni ya shule. Mama yake akamwambia ni ya kazi ya mama, akanywe maji, leo hajanywa ya kutosha.